Chura wa Ziwa Titicaca: maisha ya kupumua kwa ngozi

Ukimtazama kwa mara ya kwanza utadhani amevaa koti la mtu mwingine. Ngozi imemzidi: inaning'inia shingoni, ubavuni na mapajani, mikunjo juu ya mikunjo. Wanasayansi walimwita Telmatobius culeus, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake mfuko wa ngozi. Hawakumsingizia.

Chura huyu ni wa Ziwa Titicaca, mpakani mwa Peru na Bolivia, pamoja na mito inayoingia humo. Ziwa liko juu kwenye milima ya Andes, yapata mita 3,810 kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji ni ya baridi mwaka mzima. Vyura wengi tuliowazoea huishi majini wakiwa viluwiluwi, kisha wakikua hutoka nchi kavu. Huyu hatoki. Anakulia na kuzeekea majini, mara nyingi akiwa ametulia chini kabisa, kwenye tope au katikati ya mawe.

Sasa anapumuaje? Mapafu anayo, ila ni madogo mno, karibu ya kupambia tu. Kazi inafanywa na ile mikunjo. Imejaa mishipa myembamba ya damu inayofyonza oksijeni moja kwa moja kutoka majini, na kadiri ngozi inavyokuwa kubwa ndivyo inavyofyonza zaidi. Damu yenyewe ina chembe nyekundu ndogo sana, lakini nyingi ajabu. Oksijeni ikipungua, chura husimama kwa miguu yake na kuanza kuinuka na kushuka, kama mtu anayepiga pushapu, ili mikunjo ipepee na maji mapya yampitie.

Shida ni kwamba ngozi inayopitisha oksijeni haiwezi kukataa sumu. Tena yeye huwindwa: Peru kuna wanaomsaga kwenye blenda na kuuza juisi yake, wakidai inaongeza nguvu za kiume na kutibu pumu. Samaki aina ya trauti, walioletwa ziwani na binadamu, nao hula viluwiluwi vyake.

Mwaka 2016 vyura wapatao 10,000 walikutwa wamekufa kando ya mto Coata, unaomwaga maji yake ziwani. Wanaharakati waliokuwa wakilalamikia majitaka yaliyoelekezwa mtoni walikusanya mizoga kama 100, wakaibeba hadi uwanja mkuu wa mji wa Puno na kuimwaga hapo ili wakubwa waione.