Mita sitini za nani?

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye mkutano wa shehia moja, yaani eneo la chini la utawala linaloongozwa na sheha, kaskazini ya Pemba, tukijadili mpango wa matumizi ya ardhi ya bonde lao la mpunga. Mzee mmoja akasimama. "Konde langu liko nje ya mita sitini," akasema. "Mpango wenu haunihusu." Kauli hiyo nimeshaisikia kwa wakulima, kwa mafundi ujenzi, hata kwa maofisa wenzangu. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, basi leo naiandikia.

Mita sitini zimo katika kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto. Hiyo ni sheria ya Tanzania Bara. Mazingira si jambo la Muungano, na Zanzibar tuna sheria yetu, Namba 3 ya 2015.

Lakini la sheria ni dogo. Linaloniudhi ni ile fikra kwamba mto ni yale maji unayoyaona, na kuulinda ni kuvuta futi kamba kutoka ukingoni. Panda Masingini, pale juu ya mji wa Unguja. Ule msitu umehifadhiwa mgongoni mwa kilima, mbali na ukingo wowote, kwa sababu mvua inayonyonywa na udongo wake ndiyo inayotokea chini kwenye chemchem za upande wa Mtoni na Bububu. Ukikata msitu ule na kuacha ukanda wa miti kando ya maji, chemchem zitakauka na ukanda wako umesimama vile vile.

Pemba ndiyo zaidi. Mito yetu ni mifupi. Kilima, konde, bonde, mikoko, bahari: vyote unavitembea asubuhi moja. Masika yakipiga konde lililofyekwa kule juu, udongo hausimami kwenye mita ya sitini. Unateremka mpaka kwenye mpunga, unaziba mfereji, upande mmoja maji yanatuama na upande wa pili panakauka. Na maji baridi yakipungua nguvu, ya chumvi yanapanda. Kuna mabonde ambayo wazee walivuna mpunga na leo hayalimiki kwa chumvi.

Kwa hiyo mpango wa maana unaanzia juu. Mgongo upi ubaki msitu au mikarafuu, muhogo ulimwe kwa matuta yanayokata mteremko, mchanga usichimbwe wapi, chemchem ipi izungushiwe miti, ng'ombe washukie njia gani kunywa. Ukingo unakuja mwisho, na upana wake unafuata mteremko na udongo. Pahala pengine hatua ishirini zinatosha. Pengine mita mia mbili hazitoshi.

Nguvu ya kuyasema hayo inatoka wapi? Ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inakupa haki ya kuitumia, na haki hiyo ina masharti yake. Aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi naye yumo.

Sasa nifike kwenye tabu yenyewe, ambayo vitabu vya mipango miji havina habari nayo. Kwa mila zetu, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Marehemu kaacha mikarafuu kumi na minane juu ya chemchem, warithi sita, wawili wako Mombasa, na ardhi iliyo chini ya mikarafuu hiyo inalimwa na mtu mwingine kabisa. Mpango unasema na mwenye ardhi, lakini mwenye shoka ni mwenye mti. Nimeona ramani nzuri, ina mihuri yote, na chemchem yake imebaki uchi kwa sababu hakuna aliyewaita warithi wa miti kwenye mkutano. Siku hizi siendi shehia yoyote bila kumwomba sheha orodha mbili: ya wenye ardhi, na ya wenye miti.

Na nikiri jambo. Mpaka wa eneo linalolisha mto tunauchora kwa kufuata migongo ya vilima. Kwenye udongo ni sawa. Kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, kama mashariki ya Unguja, maji huzama katika jiwe na kupita kwenye nyufa zake, wala hayana habari na mgongo wa kilima. Mistari ya namna hiyo nimeitia saini mara nyingi, na kila mara moyo wangu ulisita.

Yule mzee tulipanda naye kondeni baada ya mkutano. Pembeni mwa muhogo wake mvua ilishachimba korongo, kina chake kinafika magotini. Tukalifuata kuteremka, yeye mbele, mpaka likamwaga mchanga wake kwenye jaruba la mpunga. Akasimama kimya kitambo. Jaruba lile ni la dada yake. Ametuomba tumpimie mistari ya matuta, na tumeahidi kurudi kabla ya masika.