Setilaiti na mafuriko ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: setilaiti inatutazama muda wote.

Sentinel-2, setilaiti za Ulaya za kupiga picha ardhi, zikiwa mbili, hupita juu ya Dar es Salaam kila siku 5, kilomita 786 angani, na pikseli yake (nukta moja ya picha) ndogo kabisa ni mita 10. Bajaji haionekani. Meteosat ya hali ya hewa ndiyo haibanduki, ila iko kilomita 36,000 juu, na pikseli yake ya kilomita 3 inaimeza Kariakoo yote.

Dhana: masika mawingu yakitanda, hakuna kinachoonekana.

Kamera haioni, rada inaona. Mawimbi ya rada ya setilaiti ya Sentinel-1, yenye urefu wa takriban sentimita 5.6, hupenya wingu usiku na mchana. Chukua picha mbili za njia ileile ya mpito, moja ya kiangazi na nyingine ya siku ya mafuriko, kisha uzilinganishe. Maji tulivu huyasukuma mawimbi mbali na setilaiti, kwa hiyo hutokea meusi. Lami pana ya uwanja wa ndege nayo ni nyeusi. Bila picha ya kiangazi utaihesabu kuwa bwawa. Upepo ukiyachafua maji, weusi unafifia.

Mtego mkubwa uko kwenye makazi yaliyobanana, kama Kigogo. Wimbi hugonga maji, likagonga ukuta, likarudi moja kwa moja kwa setilaiti, na mafuriko yakang'aa badala ya kuwa meusi. Anayesaka weusi tu atatangaza nyumba zilizozama kuwa kavu.

Dhana: setilaiti zikijaa angani, vipimo vya ardhini havitahitajika.

Wingi hupunguza kungoja, na hilo si dogo. PhiSat-1, setilaiti ndogo ya Ulaya iliyorushwa 2020, ilijaribu kuchuja picha zenye mawingu hukohuko angani. Kinachofuata ni setilaiti moja kuona dalili na kuielekeza nyingine. Lakini vihisi vya setilaiti ndogo husahihishwa kwa kulinganishwa na Landsat za Marekani na Sentinel, nazo hukaguliwa kwa vipimo vya ardhini. Tena maji ya Jangwani, bondeni mwa Msimbazi, hupanda kwa saa chache: setilaiti ikichelewa itakuta tope. Kina cha mto bado kinataka kipimo darajani.

Dhana: ni mambo ya matajiri.

Picha za Landsat ni bure tangu 2008, za Sentinel vilevile. Kinacholiwa ni bando. Kata eneo lako mtandaoni kwanza, usipakue kipande kizima cha Sentinel-2 cha kilomita 110 kwa 110.