Bei ya kikao si gharama ya tiba

Ukitaka kujua tiba ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, inagharimu kiasi gani kwa kijana, achana na bei ya kikao. Hesabu miaka miwili, siku za kulazwa zikiwemo.

Jaribio la TOuCAN huko England, ambalo hesabu zake za gharama zilichapishwa mwaka 2007, liligawa kwa bahati nasibu vijana 167 wa miaka 12 hadi 18: wengine walazwe, wengine waende kliniki maalumu ya matatizo ya ulaji, wengine kliniki za kawaida za afya ya akili. Kufikia mwaka wa pili, kila kijana alikuwa ametumia kwa wastani paundi 34,531 kwenye kundi la kulazwa, 26,738 kliniki maalumu na 40,794 kliniki za kawaida. Kupona hakukupishana sana. Kitakwimu tofauti hizo za fedha hazina uhakika kamili, ila kliniki maalumu ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuwa chaguo la nafuu. Kinachopandisha bili zaidi ni kitanda: asiyeongezeka uzito kliniki anaweza kuishia wodini.

Hesabu huharibika zaidi kwenye kupima manufaa. Dodoso la EQ-5D, linalotumika kupima hali ya afya katika hesabu kama hizi, huuliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Mwenye anoreksia anatembea, tena kupita kiasi, na anaoga mwenyewe. Atatia alama ya “sina tatizo” huku moyo ukipiga polepole mno, mara 42 kwa dakika. Alama zikianzia juu hivyo, tiba itaonekana haikuleta kitu. Pima na uzito, na dodoso la dalili za ulaji.

Bulimia, yaani kula kupita kiasi kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine, ni rahisi zaidi kuhesabu kwa mtu mzima. Mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya England, unaanza na kitabu cha kujisaidia kinachosindikizwa na vikao 4 hadi 9 vya dakika 20, ndani ya wiki 16. Wiki ya nne ikipita bila nafuu, mgonjwa ahamie tiba ya utambuzi na tabia (CBT), ya mazungumzo na mtaalamu, hadi vikao 20. Wanaobana matumizi hukata hivyo vikao vya dakika 20 wakabakiza kitabu. Hiyo si tiba iliyopendekezwa.

Tukirudi kwa kijana mwenye anoreksia, tiba ya familia, vikao 18 hadi 20 kwa mwaka, huhamishia mzigo nyumbani: mzazi anakaa na mtoto kila mlo, anakosa kazi. Zidisha saa hizo kwa mshahara wake wa saa, uziweke safu ya pembeni, usizichanganye na za hospitali.