"Papa hakosei": yanayosemwa Malaba na yanayofundishwa na Kanisa

Kila mwisho wa Mei mahujaji kutoka Kenya, wakienda Namugongo walikouawa Mashahidi wa Uganda, hupita mpakani Malaba kwa miguu, rozari shingoni, viatu vimelika kisigino. Mwaka mmoja kundi lao lilipumzika kivulini mwa malori yaliyopanga foleni ya forodha. Muuza chapati, mlokole, akauliza huku akiviringisha rolex, chapati yenye mayai ndani: "Si ninyi mnaosema Papa wenu hana dhambi?" Mzee mmoja wa kundi akajibu bila kusita, "Ndiyo. Papa hawezi kukosea." Mimi Mkatoliki niliona aibu. Wote wawili walikuwa wamepotea, na wa kwetu zaidi.

Eti Papa hatendi dhambi. Papa huungama. Machi 2014 Papa Fransisko alipigwa picha akiwa amepiga magoti kwenye kitubio, ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Petro mwenyewe alipingwa na Paulo uso kwa uso kule Antiokia. Soma Wagalatia sura ya 2, na Biblia ya mlokole inasema vilevile. Kutokosea kunahusu fundisho. Mwenendo wa mtu ni jambo jingine.

Eti kila asemalo ni neno la mwisho. Hapa ndipo wengi hukwama, Wakatoliki tukiwemo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, tarehe 18 Julai 1870, haukusema tu "Papa hakosei" ukafunga kitabu. Uliweka masharti: awe anasema kama mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, kwa mamlaka yake kuu ya kitume, awe anakata shauri la mwisho, liwe fundisho la imani au maadili, na Kanisa zima lipaswe kulishika. Ndiyo maana ya kusema kutoka Kiti cha Petro. Sharti moja likipungua, basi hayo ni mahubiri, barua au mahojiano ndani ya ndege. Yanastahili heshima, mengine hata utii, lakini hayana ulinzi huo wa kutokosea.

Tena Mtaguso uleule ulisema Roho Mtakatifu hakuahidiwa kwa waandamizi wa Petro ili walete fundisho jipya, bali wailinde imani waliyoachiwa na mitume. Papa ni mlinzi wa ghala, si mwenye shamba. Wanaodhani dogma ile, yaani fundisho rasmi lisilobadilika, ilimpa uhuru wa kusema lolote wameisoma kinyume.

Desemba 2023 jambo hili lilitugusa wenyewe. Tamko la Vatikano, likiwa na idhini ya Papa, liliruhusu mapadre kutoa baraka fupi, nje ya liturujia, kwa wapenzi wa jinsia moja. Mitaani Uganda watu wakaja juu: ikiwa Papa hakosei, tufanyeje? Swali lenyewe lilikuwa limekosewa. Tamko lile halikuwa dogma. Januari 2024 Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska likasema baraka hizo hazifai Afrika, na likasema hivyo kwa kukubaliana na Papa. Hakuna aliyeasi.

Eti mapapa huutumia uwezo huu kila leo. Tangu 1870 umetumika wazi mara moja tu: 1950, Pius XII alipotangaza Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Pius IX alitangaza Bikira Maria Kukingiwa Dhambi ya Asili mwaka 1854, kabla ya Mtaguso. Wote wawili waliwaandikia kwanza maaskofu wa dunia kuwauliza.

Niliyaeleza haya kwa kifupi, chapati zikipoa. Ndipo binti mmoja wa kundi akanibana: "Na mashahidi wa Namugongo tunaowaendea? Paulo VI alipowatangaza watakatifu Oktoba 1964, angeweza kukosea?"

Swali zuri kuliko la mlokole. Wanateolojia wengi, tangu zamani, wanasema kumtangaza mtu mtakatifu kuna ulinzi uleule, maana Kanisa lote linaamriwa kumheshimu. Wengine wanabisha, na Kanisa halijalikata kwa dogma.

"Kwa hiyo hamjui," akacheka mlokole.

Mzee alikuwa ameshasimama anakaza kamba za viatu. Akalipa rolex mbili kwa shilingi za Kenya, hakungoja chenji.