Je, Biblia inakataza ngoma ibadani?

Waumini wengi hapa Dodoma wamelelewa wakiamini kwamba Biblia inakataza ngoma na kucheza mbele za Mungu, na kwamba kinanda ndicho chombo halisi cha kanisa.

Ukiifungua unakuta mengine. Katika Kutoka 15:20 Miriamu anashika tari, na wanawake wanamfuata wakicheza. Katika 2 Samweli 6:14 Daudi anacheza kwa nguvu zake zote. Kinanda nacho kiliwahi kuondolewa katika baadhi ya makanisa ya Uswisi, karne ya 16.

Hofu hiyo ina chanzo. Wamisionari walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na wengi wa zama hizo waliona ngoma kuwa sehemu ya matambiko. Muheme, ambao akina mama wa Kigogo huupiga kwa viganja huku ngoma imebanwa mapajani, kweli ulihusiana na unyago. Lakini cha kupima ni maneno yanayoimbwa na nia ya mwimbaji. Kumnyima mama huyo sifa anayoijua zaidi, naona ni hasara kubwa.

Ukisikia katazo, omba uonyeshwe mstari, kisha soma sura nzima. Usipouona, muulize mzee wa kanisa; huenda ni utaratibu wa dhehebu tu.