Bosi akiwa shemeji yako: kuandika komedi ya kazini

Vikundi vya maigizo ninavyovifundisha hapa Mtwara vina ugonjwa mmoja. Ukiwaambia waandike komedi ya kazini, bosi anatoka na kitambi, suti inayompwaya na ukali wa kupitiliza. Akiingia tu, wafanyakazi wanajificha chini ya meza. Watazamaji watacheka dakika mbili, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake. Bosi mkali hana cha kupoteza, ndiyo maana hachekeshi muda mrefu. Anayebeba komedi ya kazini ni bosi anayependwa, au anayetamani kupendwa, halafu kazi ikamlazimisha kufanya jambo ambalo rafiki hamfanyii rafiki yake.

The Office ya Uingereza, komedi ya runinga iliyoanza kurushwa BBC mwaka 2001, imesimama juu ya hilo. David Brent ni meneja wa tawi la kampuni ya karatasi mjini Slough, na anajiona rafiki na mchekeshaji kwanza, ubosi baadaye. Katika kipindi cha kwanza anamwita msichana wa mapokezi, mbele ya kijana mgeni kazini, anamtuhumu wizi na kumwambia hana kazi. Anatania. Msichana analia. Maneno yale yale angeyasema karani mwenzake, wangecheka wote na kurudi kwenye kazi zao. Tatizo la Brent ni kwamba anatania kwa kutumia kitu alichonacho kweli: uwezo wa kumfukuza mtu.

Toleo la Marekani lina somo ninalolipenda zaidi. Jim, kipenzi cha ofisi nzima, anaachiwa ofisi kwa siku moja. Anaona kila mtu kufanyiwa sherehe yake ya kuzaliwa ni kupoteza muda, kwa hiyo anaziunganisha ziwe moja. Wazo lina akili, na bado ofisi nzima inamnunia. Jim ni yule yule wa jana. Kilichobadilika ni kiti.

Huku kwetu sihangaiki na kampuni za karatasi. Nawapeleka waandishi wangu kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho ukifunguliwa. Pale hakuna asiye ndugu wa mtu: karani wa mzani kacheza na mkulima, mlinzi kamuoza dada yake kwa meneja, mwenyekiti ni mjomba wa nusu ya foleni. Na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa risiti, uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mzigo ukishapokelewa kuna karatasi. Mwandishi wa komedi aipende sana karatasi, maana ina saini, na saini haijui undugu.

Basi tuna Issa, jana karani, leo meneja. Mlinzi wake ni Chande, kaka wa Somoe, mke wa Issa. Chande kaleta gunia lake mzanini, anataka lipite daraja la kwanza.

"Shemeji, hizi zimeanikwa kweli?"

"Zimeanikwa na mkeo. Kamuulize."

Issa anatia mkono guniani, anachota korosho chache, anazitikisa karibu na sikio. Korosho iliyokauka vizuri inalia ukiitikisa. Hizi kimya. Foleni nzima nayo kimya, watu wazima wamekaza masikio kusikiliza korosho. Issa anazirudisha moja moja, anajifuta mkono kwenye suruali.

"Ndugu Chande, rudi ukaanike."

Tulipoijaribu mbele ya watu, kicheko kilitoka kwenye lile "Ndugu", kabla hata sentensi haijaisha. Mwigizaji hakuhitaji kukunja uso wala kupandisha sauti. Ninachowaambia ni watafute sekunde ambayo mtu anahama kutoka cheo kimoja kwenda kingine, waipe nafasi, wasiijaze maneno.

Lakini urafiki wenyewe uwe wa kweli, vinginevyo Issa hapotezi kitu. Na Chande asiwe mnyonge. Yeye ni shemeji, ana ruhusa ya kumtania meneja mbele za watu, na meneja akikasirika ndiye atakayeonekana hana adabu. Isitoshe anajua mengi: nani alimkopesha Issa nauli ya kwenda kwenye usaili, na Issa alikuwa anakwenda kunywa uraka, pombe ya mabibo, wapi kabla hajawa mtu wa heshima. Bosi ana saini, rafiki ana historia. Nguvu zikikaribiana hivyo, mwandishi hakosi tukio.

Kuna pia hii tabia ya kumaliza kila kitu kwa "kuanzia leo huna kazi!" Mambo hayaendi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Na utamu wote umo kwenye huo utaratibu! Chande kakutwa amelala lindoni, Issa inabidi amwandikie barua ya kutakiwa kujieleza. Mwandishi mvivu atamfanya amkabidhi getini. Mimi nataka aipeleke jioni, nyumbani kwake Issa mwenyewe, ambako Chande keshakaa mkekani anamenya ming'oko, mizizi ya porini, aliyochemshiwa na dada yake. Somoe anaichukua barua, anaisoma kwa sauti kwa kituo, kuanzia "Yah: Kulala wakati wa lindo" mpaka "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu".

Chande hagombi. Anafuta mikono, anaomba kalamu, anakwama mstari wa kwanza. Lugha ya kiofisi haiwezi. Anayeiweza pale ndani ni mmoja tu, na kwa kuwa ni shemeji yake na usiku umeingia, Issa anavuta kigoda na kuanza kumwandikia utetezi dhidi ya barua yake mwenyewe, kwa bidii, hadi anamsahihishia tarehe.

Asubuhi Chande anaiwasilisha ofisini. Issa anaisoma yote, anageuza nyuma, anarudi mbele. Kisha anaikataa: maelezo hayajitoshelezi. Anayeigiza Issa asitabasamu hapo hata kidogo, maana Issa anamaanisha.