Kupanua gereji ya nyumbani: ubaki ukumbi mmoja au ugawe?

Wengi huamua kwa kutazama mchoro. Ukumbi mmoja huonekana mkubwa, vyumba huonekana vya mpangilio, na anayeshinda ni yule aliyechorwa vizuri zaidi. Mimi huanza na mambo matatu ambayo mchoro hauonyeshi: milango ya gari, vumbi na hewa.

Milango kwanza, maana hesabu yake ni nyepesi na bado hukosewa. Chukua magari mawili yenye upana wa mita 1.9 kila moja, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Mtu mzima anahitaji kama sentimita 70 ubavuni ili ashuke bila kujikunja. Katika ukumbi wa upana wa mita 6, magari yenyewe yanachukua mita 3.8, kila upande wa ukutani unapata sentimita 70, na katikati inabaki sentimita 80 ambayo magari yote mawili yanaazimana. Inatosha, kama watu hawashuki kwa wakati mmoja. Sasa jenga ukuta wa tofali katikati. Ukiwa na plasta unakuwa na unene wa sentimita 17 au 18, na hakuna tena kuazimana: zinahitajika nafasi nne za sentimita 70 badala ya tatu. Jumla inakaribia mita 6.8. Kwa hiyo ukuta hauli unene wake peke yake. Asiyekuwa na sentimita 80 za ziada juu ya hizo mita 6 asigawe upande wa magari, basi.

Nguzo ya katikati ni nafuu kuliko ukuta, mradi isimame mahali pake. Isiangukie usawa wa mlango wa dereva. Isogezwe usawa wa gurudumu la mbele, ambako hakuna mlango unaofunguka. Kabla ya kuchimba msingi, chora kila kitu chini kwa chokaa, ingiza gari, fungua milango yote na buti pia. Buti za magari mengi marefu hupanda juu ya mita 2, na hapo ndipo utagundua kwamba reli za mlango wa gereji zinapita palepale.

Vumbi ndilo sababu halali kuliko zote ya kugawa. Vumbi la msasa ni jepesi, linaelea kwa muda mrefu na kutua juu ya rangi mbichi, kwenye kichujio cha kompresa na kwenye injini iliyofunguliwa. Kazi ya mbao na kazi ya injini hazikai chumba kimoja kwa amani. Ubaya zaidi ni kuchomelea: cheche ikiangukia rundo la unga wa mbao inaweza kufuka polepole bila moto kuonekana, ikalipuka baada ya mtu kufunga na kwenda kulala. Ukifanya kazi hizo mbili, gawa. Ukifanya moja tu, pazia zito la plastiki kutoka dari hadi sakafuni linatosha mara nyingi, na lile la upande wa kuchomelea liwe la aina isiyoshika moto.

Hewa ndiyo inayowaponyoka wagawaji. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Haidrojeni inayotoka kwenye betri inayochajiwa ni nyepesi, hukimbilia dari. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huchanganyika na hewa yote. Kwa hiyo kila chumba utakachokata kinahitaji matundu yake mwenyewe: moja chini na jingine juu, kwenye kuta zinazotazamana. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilikuwa la ukumbi mzima, kisha ukuta ukapita katikati na kukiacha kikipumua kupitia mlango tu. Na kama gereji imeshikana na nyumba, ukuta wa kati ya gereji na vyumba vya nyumba si wa hiari hata ukipenda uwazi namna gani: uzibwe hadi chini ya paa, usiishie kwenye dari, mlango wake ujifunge wenyewe, na sakafu ya gereji iwe chini kidogo ya ile ya nyumba.

Msimamo wangu ni huu: muundo uwe wazi, kigawanyo kiwe chepesi. Ukuta wa tofali nzito la milimita 150, wenye kimo cha mita 2.7 na plasta pande zote mbili, una uzito wa karibu kilo 900 kwa kila mita ya urefu wake. Sakafu ya kawaida ya zege ya milimita 100 haikutengenezwa kubeba hilo kwenye mstari mmoja. Inaweza kupasuka, na ukuta ukapasuka nayo. Fremu ya mbao au chuma chepesi yenye bodi za jipsamu haifikii hata moja ya tano ya uzito huo, na mahitaji yakibadilika inang'olewa kwa siku moja. Udhaifu wake ni maji na vishindo, kwa hiyo sentimita 20 za chini ziwe safu ya tofali, au bodi zianzie juu kidogo ya sakafu ambako maji ya kuoshea gari hayafiki.

Mlango wa kigawanyo usiwekwe popote penye nafasi. Plaiwudi ya kawaida ina urefu wa mita 2.44. Kuipasua kwenye msumeno wa meza kunahitaji mita 2.5 kabla ya meno na nyingine 2.5 baada yake. Chumba cha kina cha mita 3 hakiwezi, ila mlango ukielekeana na msumeno, ubao utatokea upande wa magari. Hii ndiyo hila ninayoipenda kuliko zote kwenye gereji ndogo, na haigharimu kitu ikipangwa mapema.

Mahali sakafu mpya inapokutana na ya zamani pana tabia yake. Ya zamani imeshatulia, mpya bado itashuka kidogo. Ziunganishe kwa vipande vya nondo vya milimita 12 vilivyopandwa kwenye zege la zamani kila baada ya sentimita 30, na nusu inayoingia kwenye zege jipya ipakwe grisi ili sakafu iweze kujinyoosha na kujikunja. Kigawanyo kisikae juu ya kiungo hicho. Kisogeze upande mmoja, sentimita 30 au zaidi, la sivyo ufa utapanda nacho hadi darini. Mteremko uelekee mlango mkubwa, kama sentimita 1 kwa kila mita. Ukielekea kwenye kigawanyo, maji yatasimama hapo.

Ukuta wa zamani unaotaka kuutoa uchunguzwe kutoka juu, ndani ya paa. Kama kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zimeukalia, au mbao za paa zimeunganishwa juu yake, unabeba mzigo, hata ukigongwa ukasikika mtupu. Hapo ukubwa wa boriti ni kazi ya mhandisi. Fundi ahakikishe mirunda imesimamishwa pande zote mbili kabla ya tofali la kwanza kutoka, na boriti ilalie ukuta angalau milimita 150 kila mwisho, juu ya zege na si juu ya tofali tupu. Boriti nyembamba, hata isipoanguka, inapinda. Utaijua miezi baadaye, shata la mlango wa gereji linapoanza kukwama katikati.

Umeme uutandaze kana kwamba utagawa, hata kama umeamua kuacha wazi. Kila upande uwe na breka yake (swichi ya kukata umeme kwenye boksi) ya taa na ya soketi, na kompresa iwe na laini yake peke yake. Soketi ziwe juu ya sentimita 45 kutoka sakafuni, juu ya mahali mvuke wa petroli unapotambaa. Pitisha pia paipu moja tupu chini ya zege kwenye mstari ambao kigawanyo kinaweza kusimama siku moja, ziba ncha zake, na uandike vipimo vyake kwenye mlango wa boksi ya umeme kwa kalamu isiyofutika.